Kikombe Kimoja cha Zabibu Kavu Ni Gramu Ngapi?

Jaza kikombe zabibu kavu mpaka zilingane na ukingo, kisha mimina maji juu yake taratibu. Utaona yanavyozidi kuingia. Zaidi ya theluthi ya kikombe ulichodhani kimejaa ilikuwa hewa. Punje ya zabibu kavu ni nzito kuliko maji, ndiyo maana huzama, lakini kikombe kizima cha zabibu kavu ni chepesi kuliko kikombe cha maji. Mpishi asiyelijua hilo hukosea hesabu kabla hajawasha jiko.

Mapishi mengi ya keki yanayotufikia hutumia kikombe cha kupimia cha Kimarekani, chenye ujazo wa mililita 237 hivi. Kikijazwa maji, hayo ni gramu 237. Zabibu kavu zikimiminwa tu bila kubanwa, utapata gramu 145 hivi; zikishindiliwa kwa kiganja, 165. Matunda ni yale yale na kikombe ni kile kile, ila mkono umeongeza gramu 20. Aprikoti kavu zilizopasuliwa nusu nusu huegemeana na kuacha mianya mikubwa, hivyo huishia kwenye gramu 130. Plamu kavu zisizo na kokwa ni laini, hulaliana vizuri, na hufika 174.

Tende ndizo zinazonisumbua zaidi. Zikikatwakatwa na kumiminwa, kikombe hubeba gramu 147 hivi. Lakini tende laini zilizobanwa kwenye pakiti hushikamana kama donge; ukizisukuma kikombeni huziba kila mwanya, na uzito hupanda sana. Halafu kuna kokwa, ambayo huchukua karibu sehemu moja ya kumi ya tende. Ukihitaji gramu 200 za nyama ya tende kwa keki ya futari, anza na kama gramu 225 za tende zenye kokwa. Soma pia maelekezo kwa makini: kupima kikombe cha tende kisha kuzikata si sawa na kuzikata kwanza ndipo upime.

Watu wa pwani wanalifahamu jambo hili kupitia Zaka ya Fitri. Kiwango chake ni pishi moja, yaani vibaba vinne, na tende na zabibu kavu ni miongoni mwa vyakula vilivyotolewa tangu enzi za Mtume. Pishi ni kipimo cha ujazo. Inapotangazwa kwa kilo, wengine husema mbili na nusu, wengine tatu, na sababu mojawapo ni kwamba pishi ya mchele na pishi ya tende hazina uzito mmoja.

Nyumbani tatizo huwa kikombe chenyewe. Kikombe cha chai cha mililita 300 hubeba kama gramu 180 za zabibu kavu. Keki iliyotaka vikombe vitatu vya kupimia itapata zaidi ya gramu 100 za ziada, nazo zitazama chini na kunyonya unyevu wa mchanganyiko.

Kwa hiyo usitegemee jedwali peke yake, hata hizi namba zangu. Mwenye mizani apime kikombe chake mara tatu, kwa kumimina bila kushindilia, achukue wastani na kuuandika kwenye daftari la mapishi. Apime zabibu kabla ya kuziloweka, kwa sababu zikilowekwa huongezeka uzito. Asiye na mizani anunue pakiti iliyoandikwa gramu 250 na kuimimina kwenye kikombe chake. Ikijaza kikombe kimoja na kubaki kiasi cha kufika karibu robo tatu ya cha pili, kikombe hicho kinakaribiana na kile cha Kimarekani. Ikijaza kimoja na kubaki chini ya nusu, hicho ni kikubwa, na zabibu zinazotajwa kwenye mapishi zipunguzwe kwa karibu robo ya kila kikombe.