Mfundishe mtoto wema kwa mikono, si kwa maneno

Mtoto wako anaijua tebo mpaka ya 12. Je, anajua bibi wa nyumba ya pili ana siku ya ngapi hajatoka ndani?

Swali hilo linatuhusu zaidi msimu wa mavuno ya mpunga, wakati wazazi wa Ipinda, Ngonga na Matema wanashinda shambani na watoto wanabaki na madaftari au simu. Wote tunataka watoto wenye huruma. Lakini huruma ni kama kusoma na kuandika: haiji yenyewe, inahitaji ratiba.

Wayahudi wana ratiba hiyo tangu kale, na si lazima uende Yerusalemu kuwaona. Kwa jirani zetu Uganda, kwenye vilima vya karibu na Mbale, wapo Abayudaya, Waafrika walioingia dini ya Kiyahudi mwaka 1919 wakiongozwa na Semei Kakungulu. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao miaka ya 1970, lakini hawakuiacha. Leo kwenye shule zao za Nabugoye, watoto wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu wanasoma pamoja. Mwaka 2004 wakulima wa dini hizo tatu walianzisha ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu.

Mzazi wa dini yoyote anaweza kuchukua mambo matatu kutoka kwenye malezi ya Kiyahudi.

La kwanza ni tsedaka. Neno hilo la Kiebrania ni ndugu wa neno letu sadaka, ila mzizi wake ni haki. Mtoto anafundishwa kuwa kumpa mwenye shida si kumfanyia hisani, bali ni kumpa kilicho chake. Nyumba nyingi zina kopo la sarafu, na mtoto hutumbukiza kidogo kila Ijumaa kabla Sabato haijaingia. Kiasi si hoja. Hoja ni mkono kuzoea.

La pili ni pembe za shamba. Mambo ya Walawi sura ya 19 inamwagiza mkulima asivune mpaka pembeni, wala asirudi kuokota masazo, kwa kuwa hayo ni ya maskini na mgeni. Maskini anavuna mwenyewe, hapigi magoti kuomba. Hapa Kyela, kabla gunia halijauzwa, mwache mtoto apime kisado cha mpunga na kukipeleka kwa anayehitaji. Msipige picha. Mwanazuoni wa karne ya 12, Maimonides, alipanga ngazi nane za kutoa. Kutoa kwa siri kuko juu ya kutoa hadharani, na ngazi ya juu kabisa ni kumwezesha mtu ajitegemee. Ukimrusha bibi kwenye status ya WhatsApp akipokea mchele, mtoto anajifunza matangazo, na bibi anabaki na aibu.

La tatu ni kutembelea wagonjwa. Talmudi inasema kila anayemtembelea mgonjwa humpunguzia sehemu moja ya 60 ya ugonjwa. Hiyo si hesabu ya hospitali, lakini ina ukweli wake: mgonjwa anayetembelewa anapata wa kumchotea maji, wa kumkumbusha dawa na wa kugundua mapema akizidiwa. Tahadhari: kama ni kuhara au kikohozi cha kuambukiza, mtoto abaki nje na mtu mzima apeleke mzigo. Kila ziara iishie kwenye maji na sabuni.

Usidhani haya ni ya wageni tu. Miaka ya 1930 watafiti Monica na Godfrey Wilson waliishi na Wanyakyusa, na kitabu cha Monica cha mwaka 1951, Good Company, kinaeleza jinsi wavulana wa miaka 10 hivi walivyojenga vibanda vyao pamoja na kwenda kwa kundi kula kwa mama wa mmoja, kisha wa mwingine. Mtoto aliyeleta wenzake nyumbani alisifiwa. Raha hiyo ya kuishi na watu iliitwa ukwangala. Vijiji vile vya marika havipo tena, na kazi ile imebaki mikononi mwa mzazi.

Kwa Wayahudi, mvulana huhesabiwa kuwajibika mwenyewe kwa amri za dini akifika miaka 13, na msichana 12. Maana yake malezi hayasubiri ujana. Wa miaka mitano atie sarafu kwenye kopo. Wa minane abebe kidumu cha maji. Wa 11 apange mwenyewe nani wa kusaidiwa wiki hii.

Anza Ijumaa hii, kabla jua halijazama. Mtume kwa bibi yule wa nyumba ya pili. Akirudi, usimpe zawadi. Muulize bibi anaendeleaje, na kama hajui, arudi akamwamkie vizuri.