Karo Linapofurika Mabibo

Wakazi wengi wa Dar es Salaam hawajaunganishwa na mtandao wa mabomba ya majitaka, kwa hiyo kinyesi na maji ya bafuni huishia katika shimo au karo lililochimbwa ndani ya kiwanja kilekile ambamo watu hupika, hufua na kulala. Mabibo, kata iliyokuwa sehemu ya Kinondoni kabla ya kuundwa kwa Manispaa ya Ubungo, hubeba mzigo huo kwa uzito wa pekee, kwa sababu nyumba zimebanana, wapangaji hushirikiana choo kimoja, na maeneo ya chini yamo katika mabonde yanayopeleka maji Mto Msimbazi, ambako maji ya ardhini hupanda juu masika yanapokolea.

Ili kuelewa dharura yenyewe, yafaa kwanza kuelewa karo linavyofanya kazi. Karo lililojengwa sawasawa ni tenki lisilovuja, ambamo tope zito hutuama chini, mafuta huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwa bomba kwenda kwenye shimo la kufyonzea, yaani shimo lisilosakafiwa ambalo maji yake hunywewa na udongo. Bakteria humeng'enya sehemu tu ya tope, na linalobaki huongezeka mwaka hadi mwaka, ndiyo maana wataalamu hushauri karo linyonywe tope na utando wa juu vinapofikia takribani theluthi ya kina chake. Mwenye nyumba anayesubiri hadi maji yarudi bafuni amekwisha kuchelewa, kwani tope huwa limeanza kupita na kuziba vinyweleo vya udongo katika shimo la kufyonzea, na uharibifu huo hautibiwi na gari la kunyonya.

Majitaka yanaporudi ndani, sababu mara nyingi huwa mojawapo kati ya tatu, na kuzichanganya hugharimu fedha nyingi. Ikiwa chemba, yaani kishimo cha ukaguzi kati ya choo na karo, imejaa huku karo likiwa na nafasi, bomba limeziba na fundi hulizibua kwa fimbo ndefu. Ikiwa karo lenyewe limejaa tope, gari linahitajika. Ikiwa udongo umelowa kabisa kwa mvua, gari litanyonya leo na maji ya ardhini yatarudi baada ya siku chache, na tenki la plastiki lililoachwa tupu laweza hata kuinuliwa kutoka ardhini. Katika hali zote tatu hatua ya kwanza ni moja: kupunguza maji yanayoingia, kwa kusimamisha ufuaji na kuogea mahali pengine, na kuwaweka watoto mbali na maji yaliyomwagika.

Hakuna sababu inayohalalisha mtu kuingia ndani ya karo. Tope linalooza hutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza, ambayo ikizidi hulemaza uwezo wa kunusa, hivyo mtu hudhani hatari imepita wakati ndiyo inamuua. Na anayeshuka kumwokoa mwenzake aliyezimia mara nyingi hufa pamoja naye.

Hata hivyo, gari nalo lina mipaka. Halipiti katika vichochoro, na mpira wake hauwezi kufika kila uani, kwa hiyo baadhi ya kaya huwaita vibarua wanaochota kwa ndoo, au husubiri mvua kubwa na kutapisha choo, yaani kutoboa shimo ili uchafu uondoke na maji ya mvua hadi mtaroni. Kitendo hicho kinakatazwa na sheria, na ni ukatili kwa jirani wa bondeni, ingawa anayekifanya mara nyingi hajaachiwa njia nyingine iliyo ndani ya uwezo wake. Eneo hili linajua gharama ya uchafu: Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Kinondoni, Mabibo ikiwa bado ndani yake, kikaenea hadi mikoa mingi ya Bara na Zanzibar.

Suluhisho la vichochoro lilikwisha kujaribiwa jijini. Kati ya 1988 na 1992 mradi wa MAPET, wa shirika la WASTE la Uholanzi kwa kushirikiana na idara ya majitaka ya jiji, ulitumia pampu ya mkono na tenki la lita 200 juu ya mkokoteni, na baadaye ikaja pampu nyepesi iitwayo Gulper. MAPET ilifukia tope kiwanjani, jambo lisilowezekana tena mahali pasipo na nafasi ya shimo jipya. Kinachohitajika sasa ni vituo vidogo vya kukusanyia tope ndani ya kata, ambako mikokoteni itamwaga na magari ya majitaka yatachukua na kulipeleka kwenye mabwawa ya kusafishia, kama yale ya Vingunguti. Serikali za mitaa zaweza kuanza kwa kuorodhesha, kabla ya Machi, viwanja ambavyo mpira wa gari hauvifikii, na kuwataka wenye nyumba wanaopokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo watenge sehemu yake kwa unyonyaji wa kiangazi, badala ya kuwaachia wapangaji wachangishane maji yakiwa tayari yamefika mlangoni.