Picha ya Ubongo wa Mtoto: Swali Kwanza, Mashine Baadaye

  Leo tunazungumzia watafiti wanaopiga picha za ubongo wa mtoto ili wajue anatambua nini kabla hajaweza kusema. Huenda siku moja ukaombwa mtoto wako ashiriki. Ni vizuri ujue utafiti mzuri hupangwa vipi.

Sehemu ya ubongo inapofanya kazi, damu yenye oksijeni huongezeka mahali hapo. Mashine ya MRI huona mabadiliko hayo kwa sumaku yenye nguvu, bila eksirei. Lakini ubongo haupumziki, hata mtoto akilala. Kwa hivyo picha moja haisemi kitu mpaka ilinganishwe na nyingine.

Tuchukue mfano. Mwaka 2002, watafiti wa Ufaransa walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 20 wa miezi miwili hadi mitatu. Swali lao lilikuwa hili: je, mtoto wa umri huo hutofautisha lugha na sauti nyingine? Waliwasikilizisha watoto maneno kwa sekunde 20, kisha kimya. Kimya ni cha nini? Damu huchukua sekunde kadhaa kuongezeka na kupungua, kwa hivyo ni lazima kusubiri. Halafu waliwasikilizisha maneno yayo hayo yakichezwa kinyumenyume. Sauti ni ya mtu yule yule, lakini si lugha ya kawaida tena.

Walipata nini? Upande wa kushoto wa ubongo uliitikia zaidi, kama kwa watu wazima. Na huko kushoto, sehemu moja iliitikia maneno ya kawaida kuliko yale yaliyogeuzwa. Kama wangelinganisha maneno na kimya tu, wasingejua kama mtoto ameitikia lugha au kelele yoyote ile.

Picha pia hudanganya. Mwaka 2009, watafiti wa Marekani walimweka samaki aliyekufa ndani ya mashine hiyo na "kumwonyesha" picha za watu. Hesabu za haraka zilionyesha ati ubongo wake unafanya kazi! Walitaka kuwaonya wenzao. Mashine hupima maelfu ya sehemu ndogo ndogo, na chache zitang'aa kwa bahati tu. Hesabu isiporekebishwa, hata maiti ataonekana anafikiri.

Basi mama, ukiombwa idhini, uliza:

- Mnatafuta jibu la swali gani?
- Mtalinganisha nini na nini?
- Mashine ina kelele nyingi. Masikio ya mtoto yatakingwa vipi?
- Je, atapewa dawa ya usingizi?
- Naweza kumtoa wakati wowote?

Swali la mwisho lazima lijibiwe "ndiyo". Kukataa kusikunyime matibabu. Na kabla hajaingia, mvue bangili, hereni, pini na chuma chochote.

Hata bila mashine, usiseme, "Huyu bado haelewi." Zungumza naye kwa lugha ya nyumbani ukimnyonyesha na ukimwosha. Ukiona hashtuki kwa sauti kubwa, usingoje akue; mpeleke kliniki apimwe masikio.