Gereji ya Ndoto Yako: Pikipiki Gani Iingie Kwanza?

Juzi wakati wa chai ya saa nne, mmoja wetu hapa ofisini alirusha swali mezani: ukipewa gereji yenye nafasi ya pikipiki tatu, na pesa si shida, utaweka zipi?

Chai ilipoa. Mmoja alitaka BMW GS, ile kubwa ya safari ndefu, aende nayo hadi Turkana na kurudi. Alitukumbusha kwamba babu yake, R 80 G/S, ilitoka 1980 na mwaka uliofuata ikashinda mbio za Paris-Dakar. Mwingine akachagua Royal Enfield, kisa na maana ni ule mlio wake. Wa tatu akataka Honda Super Cub, ile ndogo iliyoanza kuundwa Japani mwaka 1958, na kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100.

Kisha mwenzetu aliyekuwa kimya akasema: "Mimi sitaki tatu. Nataka Boxer moja tu, iwe na jina la ndugu yangu kwenye logbuku."

Ndugu yake huyo ni mwendeshaji boda boda. Kwa miaka mitatu amekuwa akiendesha pikipiki ya mtu, na kila siku ya kazi, mvua inyeshe isinyeshe, anampelekea mwenyewe shilingi 300. Hebu tupige hesabu: siku 26 kwa mwezi, kwa miezi 36. Ni shilingi 280,800. Pesa hizo zinatosha kununua pikipiki mpya ya kazi na chenji ikabaki. Mwaka jana alipojaribu kununua yake, aliona tangazo mtandaoni, akatuma malipo ya kwanza ya shilingi 15,000 kwa namba ya simu aliyopewa. Jioni hiyo simu ikazimwa. Pikipiki hakuiona, wala pesa hazikurudi.

Ndiyo maana tumeandika makala haya. Kuota si vibaya, lakini gereji hujengwa kuanzia pikipiki ya kwanza, na ya kwanza ndiyo inayolipia zingine.

Nafasi ya kwanza: inayolisha nyumba

Kama pikipiki ni ya kazi, usianze na rangi. Anza na fundi. Simama stejini kwako uhesabu: ni aina gani zimejaa hapo? Mara nyingi utaona Bajaj Boxer na TVS HLX, zote za kampuni za India. Hazikujaa kwa bahati. Spea zake zinapatikana hata kwa duka la kona, fundi wa jua kali anazijua akiwa amefumba macho, na ukitaka kuuza, mnunuzi hakosi. Pikipiki nzuri ambayo spea yake inangojwa wiki mbili kutoka Nairobi inakuwa mlo wa wiki mbili uliopotea.

Angalia pia barabara yako. Kwa kubeba abiria mjini, injini ya cc 100 au 125 inabana mafuta. Kwa milima na magunia ya viazi, cc 150 itakutoa jasho kidogo.

Na usisahau vitu vinavyokuja pamoja na pikipiki: bima, leseni ya daraja la A3 kama utabeba abiria, kofia mbili na jaketi mbili za kung'aa. Sheria inataka wewe na abiria wako muvae, na abiria awe mmoja. Ukinunua pikipiki kwa shilingi ya mwisho mfukoni, hivyo vyote utavikopea.

Nafasi ya pili: ya umeme

Siku hizi ukisimama Nairobi utaziona zikipita kimya. Roam wanaziunda hapa hapa jijini. Ampersand, walioanzia Kigali, na Spiro wana vituo ambapo unaacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa. Hakuna petroli, hakuna kumwaga oili ya injini.

Kabla hujaingia, uliza maswali matatu. Betri ni yangu au ya kampuni? Kila nikibadilisha nalipa ngapi? Kituo kilicho karibu na njia zangu kiko wapi? Kama unafanya kazi mjini na vituo viko karibu, hesabu inaweza kukubeba vizuri. Kama wewe ni wa mashambani na kituo kiko mbali, ngoja kwanza.

Nafasi ya tatu: ya moyo

Hii ndiyo ile GS, au Enfield, au Super Cub. Haina haraka. Itanunuliwa na faida, si na karo ya watoto.

Bei ya kweli si ile ya bangoni

Mabango yanaandika malipo ya kwanza kwa herufi kubwa. Yale ya kila siku yanakuja kwa herufi ndogo. Hebu tuchukue mfano. Tuseme pikipiki ni shilingi 175,000 ukilipa taslimu. Kwa mkopo, unatoa 20,000 mwanzo, halafu 450 kila siku kwa siku 540. Malipo ya kila siku yanafika 243,000. Ongeza zile 20,000, unapata 263,000. Tofauti ni shilingi 88,000.

Hatusemi mkopo ni mbaya. Kwa mtu anayempelekea mwenye pikipiki shilingi 300 kila jioni, mkopo unaweza kuwa ndio mlango wa kutokea. Tunasema jumlisha yote kabla ya kutia sahihi. Uliza pia ukiugua wiki moja itakuwaje, na ukimaliza mapema utapunguziwa au la.

Na kila shilingi unayoweka kabla inapunguza deni. Ukitenga 200 kwa siku kwenye akiba ya simu, siku 26 kwa mwezi, mwaka ukiisha una 62,400. Weka akiba hiyo kando na pesa za matumizi. Pesa zikikaa pamoja, zinaliwa pamoja.

Kabla ya kubonyeza "Tuma"

Hapa ndipo ndugu ya mwenzetu aliteleza, na si yeye peke yake. Tafadhali fuata haya:

1. Ione pikipiki kwa macho. Usitume hata mia ya "kuishikilia". Linganisha namba ya injini na ya chesisi na zile za kwenye karatasi.

2. Hakikisha mwenyewe ni nani. Ingia eCitizen, kwenye huduma za NTSA, utafute namba ya usajili. Kwa ada ndogo utaona jina la mmiliki. Kama si la huyo anayekuuzia, rudi nyumbani na pesa zako.

3. Lipa kwa namba ya biashara. Duka au kampuni ya mkopo ina till au paybill. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Ukiambiwa "tuma kwa hii yangu, ile ya ofisi ina shida", hiyo ndiyo shida yenyewe.

4. Hifadhi kila ujumbe wa malipo. Siku mtabishana kuhusu salio, ujumbe huo ndio shahidi wako.

5. Badilisha umiliki mara moja. Hadi jina lako liwe kwenye rekodi za NTSA, unaendesha pikipiki ya mtu mwingine, hata kama umemaliza kulipa.

Ukigundua umetapeliwa, tupigie papo hapo, usingoje kesho. Pesa zikiwa bado hazijatolewa, tuna nafasi ya kuzizuia. Zikishatolewa, mambo yanakuwa magumu, na utahitaji kupiga ripoti polisi.

Ndugu ya mwenzetu ameanza upya. Bado anaendesha ya mtu, bado anatoa zile 300, lakini kila jioni 200 zinaingia kwenye akiba kabla hajanunua hata soda. Safari hii amesema hatanunua kabla dada yake hajaona logbuku. Gereji yake ina nafasi tatu. Ile ya kwanza imeshapata mwenyewe.