Ukuta wa ubongo unapovuja

MWAKA jana nilivuka mpaka kutoka Pweto, nikapita Nchelenge hadi Mwansabombwe, Zambia, kumjulia hali mzee aliyenifundisha hesabu miaka ya ukimbizi katika kambi ya Kala. Kiharusi kilimpata alfajiri. Mdomo ulipinda, mkono wa kulia ukafa ganzi. Jirani wakasema amelogwa. Akafikishwa hospitali jioni.

Mkewe aliniuliza: "Mwanangu, wewe umesoma. Kichwani kumetokea nini?"

Nikamweleza. Mishipa ya damu ya ubongo si kama mingine. Seli zake zimeshikana mno, hata rangi ambayo Paul Ehrlich aliwadunga wanyama mwaka 1885 ilienea mwilini isipokuwa ubongoni. Damu iliyoganda ikiziba mshipa, ukuta huo hulegea: maji hupenya, ubongo huvimba, pengine damu yenyewe humwagika.

Siku hizi uvujaji huo huonekana kwa picha. Mgonjwa hudungwa dawa yenye madini ya gadolini, kisha huingizwa katika mashine ya sumaku, MRI. Penye ukuta mzima dawa haipiti, palipovuja panang'aa. Watafiti huchunguza kama picha hizo zaweza kuonyesha nani yumo hatarini kuvuja damu akipewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Dawa hiyo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu.

Mama akahesabu kwa vidole, tangu alfajiri hadi jioni. Akaniuliza mashine hiyo iko wapi. Nikamtajia Lusaka.

"Kwa basi?" aliuliza, kisha akainuka kwenda kumgeuza mzee ubavu.