Kuunga dairekti kwenye lifti: kipande cha waya na roho za watu

Safari hii nimeombwa niandike kitu kuhusu fani yangu, basi nimeamua kuandika kuhusu lifti. Mimi nasoma uhandisi wa umeme hapa Uingereza, na mwaka wa mafunzo ya kazini niliupitia kwa mafundi wa lifti. Najua wapo watakaosema, "Hayo ni mambo ya mafundi, sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sote. Wengi wetu tunalala kwenye mabweni ya ghorofa kumi na zaidi, tunapanda lifti asubuhi na jioni bila hata kufikiri. Kati yetu wamo wanaosomea uhandisi, ambao kesho watarudi Dar, Nairobi, Kampala au Kigali kusimamia majengo marefu. Na wamo wanaopata kibarua cha kumsaidia fundi, siku ya pili tu wanaambiwa, "Hebu shika waya huu."

Nataka kueleza kazi moja ya hatari kuliko nyingi katika fani hii: kuruka swichi za usalama za lifti wakati wa matengenezo. Makala haya hayamfanyi mtu kuwa fundi, na asiyefundishwa asifungue paneli ya lifti hata kidogo. Ila ukielewa kazi inavyotakiwa kufanywa, utajua pia inapofanywa ovyo.

Mnyororo wa usalama

Lifti haiendeshwi na vitufe peke yake. Kabla mota haijazunguka, umeme wa kuongozea lazima upite kwenye swichi nyingi zilizopangwa moja baada ya nyingine kwenye mstari mmoja. Kila mlango wa ghorofani una swichi yake. Mlango wa kabini, yaani kile chumba tunachoingia, nao una yake. Ipo swichi kwenye kifaa kinachoinasa lifti ikizidi mwendo, zipo nyingine juu kabisa na chini kabisa ya shimo la lifti, na vipo vitufe vyekundu vya kusimamisha, kimoja juu ya paa la kabini na kingine chini shimoni. Mstari wote huo ndio mnyororo wa usalama.

Unafanya kazi kama zile taa za mapambo za kizamani: balbu moja ikiungua, zote zinazima. Swichi moja ikifunguka, umeme unakatika, kontakta za mota zinaachia na breki inashika. Breki ya lifti inabanwa na springi na kuachiwa na umeme, kwa hiyo umeme ukikatika inafunga yenyewe. Hiyo ndiyo akili ya mfumo mzima: kukiwa na shaka yoyote, lifti isimame. Viwango vya Ulaya ni vikali kiasi kwamba kufuli ya mlango wa ghorofani lazima iwe imeingia angalau milimita 7 ndipo lifti iruhusiwe kuondoka.

Kwa nini fundi aruke swichi?

Tuseme swichi ya mlango wa ghorofa ya saba imelegea au imejaa vumbi. Lifti imegoma katikati ya ghorofa ya nne na ya tano. Ili fundi aifikie swichi ile inabidi kabini isogee, naye awe juu ya paa lake. Lakini kabini haisogei, na kinachoizuia ni swichi hiyo hiyo. Ndipo anachukua kipande cha waya, ncha moja anaiunga upande huu wa swichi na nyingine upande wa pili, umeme unapita pembeni. Mtaani kwetu tungesema ameunga dairekti. Mafundi wa huku waya huo wanauita jampa.

Sababu yake ni halali kabisa. Ila tuelewe kilichofanyika hapo: mashine imedanganywa. Imeambiwa mlango umefungwa, na yenyewe haina macho ya kwenda kuhakikisha. Ikipata amri ya kuondoka itaondoka, mlango ukiwa wazi, mtu akiwa mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Kilichotokea New York

Tarehe 14 Desemba 2011, kwenye jengo la ofisi namba 285 Madison Avenue, New York, mwanamke mmoja aliyekuwa anaingia kazini alikanyaga ndani ya lifti ghorofa ya chini. Kabla hajamaliza kuingia, lifti ikapanda na milango wazi. Akafariki. Wachunguzi wa jiji walitoa taarifa yao mwaka 2012. Walikuta kwamba mafundi waliokuwa wakiishughulikia lifti hiyo walikuwa wameruka swichi za mlango kwa waya, na lifti ikarudishwa kwa watu waya ukiwa bado mahali pake. Hawakuweka utepe wa kuzuia watu, wala hawakuita ukaguzi wa idara ya majengo uliotakiwa kabla lifti haijaanza tena kutumika.

Tuliangalie vizuri tukio hilo, manake ndilo somo lenyewe. Mafundi wale hawakuwa watu wa kuokotwa njiani. Waya ule kazini ulikuwa na shughuli yake. Kilichoua ni waya uliobaki baada ya shughuli kwisha. Kwa hiyo swali la usalama si "Unajua kuunga jampa?" Swali ni "Una njia gani ya kuhakikisha kwamba haiwezi kusahaulika?" Utaratibu wote nitakaoueleza unajibu swali hilo.

Kazi inavyofanywa

Kwanza, jiulize kama unahitaji jampa kweli. Mara nyingi huhitaji. Mita ya kupimia umeme inaweza kukuonyesha swichi iliyofunguka bila kuruka chochote: unapima kutoka mwanzo wa mnyororo, pointi kwa pointi, na pale umeme unapopotea ndipo penye ugonjwa. Wapo wanaoona kupima ni kupoteza muda, wanaanza kuruka swichi moja moja mpaka lifti iondoke. Huko ni kubahatisha na roho za watu. Wapo pia wanaosukuma kontakta kwa kidole ili mota izunguke. Hao wameruka mnyororo mzima kwa mpigo mmoja, na kidole hakina breki.

Pili, itoe lifti kwa watu kabla hujagusa paneli. Hakikisha kabini haina mtu na milango imefungwa. Weka vizuizi na matangazo ghorofani, sio karatasi moja iliyobandikwa kwa selotepu kwenye ghorofa ya chini tu. Zima miito ya ghorofani na mota ya milango. Kisha iweke lifti kwenye hali ya ukaguzi, ambayo inaendeshwa kwa kitufe cha kushikilia: ukiachia kidole, inasimama. Katika hali hiyo lifti haitakiwi kuzidi mita 0.63 kwa sekunde, na mtu akibonyeza kitufe cha ghorofani haiitikii. Hapa hapana mjadala. Jampa na mwendo wa kawaida havikai pamoja hata kwa dakika moja, hata kwa "jaribio la haraka tu".

Tatu, zima swichi kuu, funga kwa kufuli yako, ufunguo utie mfukoni mwako, halafu pima kuhakikisha umeme umekwisha. Taa za shimoni na soketi zina njia yake ya umeme, swichi kuu haizizimi, kwa hiyo usidhani kila waya umelala. Jampa inaungwa umeme ukiwa umezimwa. Kuunga kwenye umeme hai ni kualika shoti, na waya ukiteleza kwenda kwenye pointi ya jirani unaweza kuruka kitu ambacho hukukusudia.

Nne, ruka kipande kimoja tu. Ukiruka swichi za milango ya ghorofani, ya mlango wa kabini ibaki ikifanya kazi, na kinyume chake. Vitufe vya kusimamisha, swichi za mwisho wa njia na kinasa mwendo haviguswi. Hivyo ndivyo vinavyomlinda fundi mwenyewe. Mkiwa wawili, aliye juu ya kabini ndiye anayetoa amri, na aliye kwenye paneli anairudia kwa sauti kabla ya kufanya kitu. "Nashuka." "Unashuka." Inachosha kusikiliza, lakini masikio ya mtu aliye shimoni hayasikii vizuri kama unavyofikiri.

Tano, na hii naiona ndiyo kubwa: jampa iwe kifaa, isiwe kipande cha waya kilichookotwa sakafuni. Kampuni makini zinazo jampa zao, za rangi kali inayoonekana, ndefu kiasi cha kuning'inia nje ya paneli ili mlango wa paneli usifungike, na kila moja ina namba. Fundi anasaini anapochukua. Akisaini mbili, mbili zirudi. Ukitumia kiwaya kifupi cha rangi sawa na nyaya za paneli, umejitengenezea kitu cha kusahau.

Sita, kurudisha lifti kwa watu. Zima tena swichi kuu na uifunge, toa jampa, hesabu, linganisha na ulizosaini. Washa, lifti ikiwa bado kwenye hali ya ukaguzi. Sasa fungua mlango ule ule uliokuwa umeruka swichi yake, ujaribu kuiondoa lifti. Lazima ikatae. Fanya hivyo kwa kila swichi uliyoiruka. Lifti ikiondoka, kazi haijaisha. Ikikataa, andika kwenye daftari la lifti ulichofanya na saa uliyomaliza, halafu ndipo uirudishe kwenye mwendo wa kawaida na kuondoa vizuizi. Vizuizi vinatoka mwisho.

Lifti mpya zimejifunza

Kiwango cha Ulaya cha EN 81-20, kilichotoka 2014 na kuchukua nafasi ya kile cha zamani kuanzia 2017, kimekubali kwamba mafundi wataendelea kuruka swichi za milango, basi kikaamua wapewe njia iliyo salama. Lifti zilizojengwa kwa kiwango hicho zina swichi maalumu ya kazi hiyo kwenye paneli, iliyofunikwa isiguswe kwa bahati mbaya. Ukiigeuza, lifti yenyewe inakataa mwendo wa kawaida. Haikuruhusu kuruka milango ya ghorofani na wa kabini kwa pamoja. Na kila inapotembea, kengele inalia na taa inawaka-waka chini ya kabini ili aliye shimoni ajue. Yaani zile sheria za kichwani zimegeuzwa kuwa nyaya na swichi. Lakini lifti za zamani zimejaa huku na nyumbani, na huko bado tunategemea nidhamu ya mtu.

Kwa wenye vibarua na wahandisi watarajiwa

Presha ya kazi hii naijua. Wapangaji wananung'unika, meneja wa jengo anapiga simu kila dakika kumi, na fundi mkuu ana lifti nyingine tatu zinazomsubiri. Sentensi utakayoisikia ni "Iache hivyo mpaka kesho, swichi mpya ikifika tutaitoa." Hiyo usiikubali. Lifti isiyo na swichi ya mlango ni lifti mbovu, na lifti mbovu inazimwa. Watu wapande ngazi. Mzee anayepanda ngazi kwa taabu atakulaumu leo, lakini atafika.

Kwa hapa Uingereza, sheria ya ajira ya 1996 inamlinda mwajiriwa anayekataa kubaki kwenye hatari kubwa ya papo hapo, na kanuni za 1998 za vifaa vya kunyanyulia zinataka lifti za watu zichunguzwe kwa kina kila miezi sita. Nyumbani nako sheria zipo: Tanzania ina sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003, Kenya ina yake ya 2007. Kwa hiyo mhandisi atakayerudi hatakuwa anaanza na karatasi tupu. Atakachopaswa kupeleka ni tabia: jampa zenye namba, daftari linaloandikwa kweli, na ujasiri wa kumwambia mwenye jengo kwamba lifti leo haitembei.

Kwa abiria

Nanyi wenzangu mnaosomea sheria, biashara au udaktari, hamjasahauliwa. Mkiona lifti imesogea na mlango wazi, hata kidogo, au mlango wa ghorofani umefunguka na kabini haipo, msiingie. Zuieni wengine, na mwambieni msimamizi wa jengo hapo hapo. Ikikwama mkiwa ndani, bonyezeni kengele mkae mtulie. Msilazimishe mlango, manake kabini iliyosimama katikati inaweza kusogea wakati mtu anatoka. Na mkikuta vizuizi vya mafundi, msivisogeze kwa sababu mnachelewa darasani. Nyuma ya kizuizi kile huenda mashine imeambiwa mlango umefungwa, wakati haujafungwa.

Kwa leo naishia hapa. Mwenye swali anitafute kwenye mkutano wa chama, nitamjibu kwa kadiri ninavyojua. Nawatakia mitihani mema, na siku moja moja pandeni ngazi, ni afya pia.