Bukavu–Uvira: Breki ziangaliwe mbele ya kushuka Ngomo

Chofa anayetoka Bukavu kwenda Uvira anashuka sana. Ziwa Kivu liko kwenye metre 1.460 juu ya bahari, Ziwa Tanganyika kwenye metre 770 hivi, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko katika makona ya Ngomo. Hapo breki mbovu haisamehe.

Hatari inaanzia katika mafuta ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa polepole. Breki zikikanyagwa mfululizo kwenye mteremko mrefu, zinapata moto, maji yaliyomo yanachemka na kuwa mvuke. Pedali inazama mpaka chini na gari haisimami. Ndiyo maana inashauriwa kuyabadilisha karibu kila miaka 2, hata kama hayajapunguka. Yakipunguka, kuongeza peke yake hakutoshi: ao plakete zimekwisha, ao yanavuja mahali fulani.

Kuangalia gari asubuhi kunaomba dakika 10 tu. Kanyaga pedali mbele ya kuondoka: ikiwa laini ao inaendelea kuzama, gari isitoke. Pima mafuta ya motere mahali pa tambarare, motere ikiwa baridi. Angalia maji ya radiateri, lakini usifungue kifuniko ikiwa moto, maana maji yanaruka na kuunguza. Jaribu taa zote.

Kwa mapine, hasa ya okazioni, soma namba 4 za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni. 2318 maana yake pine ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2018. Pine ya zamani inaweza kupasuka hata kama meno yake yangali marefu.

Njiani, kanuni ya wachofa wa zamani ingali na nguvu: vitesi uliyopandia mlima ndiyo ya kushukia. Motere inazuia gari, breki zinapumzika. Kwenye gari za otomatiki, levye inawekwa kwenye 2 ao L. Kuzima motere ili kupunguza matumizi ya esansi ni kujiua, kwani pedali inakuwa ngumu.

Mara nyingi chofa anajua kasoro, lakini anaogopa kurudi jioni bila pesa ya mwenye gari. Basi wawili hao wapatane mapema: siku ya garaji haihesabiwe. Abiria naye, akisikia chuma kikisaga chuma wakati wa kufunga breki, ana haki ya kuomba kushuka.